Nina kaseti za laivu za Black Sabbath, kuna Mjerumani anazitaka. Nizitume kwa njia gani?

Kamwene01:
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Mafinga, naomba ushauri kwa anayejua mambo ya kutuma vitu Ulaya.

Nina boksi la kaseti za hevi metali. Si zile za dukani, ni zile shabiki anaingia ukumbini amekificha kinasa sauti ndani ya koti. Bendi ni Black Sabbath wa Uingereza, tena wale wanne wa mwanzo baada ya kurudiana: Ozzy Osbourne mwimbaji, Tony Iommi wa gitaa, Geezer Butler wa besi na Bill Ward wa ngoma. Mbili zimeandikwa kwa kalamu NEC Birmingham 5/12/97 (ukumbi wa kwao Uingereza), moja Costa Mesa 15/11/92 (Marekani), nyingine maandishi yamefutika. Nimerithi kwa baba mdogo, alikuwa dereva kwenye shamba la chai huku Mufindi. Alitutoka 1996, Mungu amlaze mahali pema.

Tangu Ozzy afariki Julai 2025 wakusanyaji wamechachamaa. Nimempata Mjerumani mmoja mtandaoni, anatoa euro 600 kwa boksi zima. Swali langu ni moja tu: EMS ya Posta au DHL? Na ile mashine ya ukaguzi uwanja wa ndege haiwezi kufuta sauti? Naomba tusitoke nje ya mada.

Kitonga Kona:
Unaomba tusitoke nje ya mada, humu? Mimi nimeshavuta kigoda.

Ndaga Fijo:
Euro 600 kwa kaseti! Mimi za Remmy Ongala zimejaa kabati zima, wasikilizaji wake ni panya. Huyo Mjerumani hana ndugu yake?

Mtumishi wa Uyole:
Kijana, kabla ya kuuliza njia ya kutuma jiulize unatuma nini. Hiyo bendi inajulikana dunia nzima kwa mambo ya giza. Hela yake haitakaa mfukoni mwako. Choma boksi lote, kisha funga na kuomba.

Fundi Kabwe:
Mtumishi shikamoo, lakini Geezer Butler aliyekuwa anaandika mashairi yao kakulia kwenye nyumba ya Wakatoliki. Na ile misalaba waliyovaa shingoni, baba yake Ozzy ndiye aliyewatengenezea. Tuendelee.

Mleta mada, nijibu ulichouliza. Eksirei haifuti kaseti. Kinachofuta ni sumaku, kwa hiyo usiweke boksi juu ya spika wala karibu na mota. EMS au DHL, zote zitafika, tofauti ni bei na siku.

Ila usitume kitu kabla hujanakili. Na kaseti iliyolala miaka yote hiyo usiipige moja kwa moja. Ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe, tepu ijiachie. Angalia kile kisponji kinachoibana tepu kwenye hedi, yaani kile kichuma cha deki kinachosoma sauti: gundi yake huwa inakufa, kikidondoka sauti inatoka kama mtu anaongea ndani ya gunia. Safisha hedi kwa pamba na spiriti. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo, izungushe taratibu sana huku unasikiliza mpaka matoazi yafunguke, maana kinasa sauti cha yule shabiki na deki yako havijakaa pembe moja. Usipofanya hivyo utanakili giza tupu, halafu utasema bendi ilipiga vibaya. Rekodi kwa WAV, MP3 utatengeneza baadaye.

Sasa na mimi niulize. Vile vijisikio vya mgongoni mwa kaseti, vinavyovunjwa ili isirekodiwe tena juu yake, vimevunjwa? Muziki unakatika akigeuza upande? Kaseti ya dakika 90 ni dakika 45 kila upande, hakuna tamasha linalomsubiri mtu ageuze. Mkato peke yake hautoshi kuwa ushahidi, nakala nayo inaubeba, lakini kila ukinakili ile "shhh" ya nyuma inaongezeka. Kama ni ndogo, huenda unayo kaseti yenyewe iliyokuwa ukumbini.

Na kuhusu bei asikuzungushe mtu. Matamasha ya tarehe 4 na 5 Desemba 1997 pale NEC bendi ilirekodi yenyewe ikatoa albamu ya laivu 1998. Hiyo ya dukani imesafishwa. Anayetafuta ya shabiki anataka kusikia ukumbi ulivyokuwa, pamoja na makosa. Na ujue walikuwa wanne kamili: kwenye ziara ya kiangazi ile ya Ozzfest 1997, tamasha la Ozzy, ngoma alipiga Mike Bordin, Bill Ward hakuwemo. Alirudi Birmingham, nyumbani kwao.

Kamwene01:
Shukrani sana fundi, ushauri umetulia. Vijisikio vya zile za 97 vimevunjwa, na ndiyo, kuna mahali inakatika halafu inaanza katikati ya wimbo. Kuna jamaa anakohoa karibu na maiki mpaka unamwonea huruma. Ya Costa Mesa mtu kaziba matundu ya vijisikio kwa selotepu ili irekodike tena. Upande B ni kwaya.

Fundi Kabwe:
Rudia hapo mwisho.

Kamwene01:
Mama mdogo alirekodia mazoezi ya kwaya yao. Yeye hana uchungu nazo.

Fundi Kabwe:
Jamani. Costa Mesa, Novemba 1992. Ozzy alikuwa ametangaza anastaafu, Sabbath wakaalikwa kumfungulia jukwaa, Ronnie James Dio, mwimbaji wao wa wakati huo, akagoma, Rob Halford wa Judas Priest ndiye akaimba badala yake siku zote mbili. Usiku wa pili mwishoni wale wanne wakapanda pamoja, mara ya kwanza tangu Live Aid, lile tamasha la hisani la Julai 1985 kule Philadelphia. Nyimbo chache tu, na zilikuwa za mwisho wa onyesho. Mwisho wa onyesho ni upande gani wa kaseti, wakuu?

Mtumishi wa Uyole:
Huyo mama ana hekima kuliko ninyi nyote.

Mbao Sao Hill:
Mnamtaja Tony Iommi mnanikumbusha mbali. Yule alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham akiwa kijana, mashine ya mabati, tena siku aliyokuwa anaacha kazi. Anapiga kwa kushoto, kwa hiyo ni mkono wa kulia, ule unaobana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vikofia vya vidole, akatumia nyuzi nyembamba, baadaye akazilegeza zisimuumize. Ule mlio mzito mnaoupenda chanzo chake kimojawapo ni hicho.

Mimi yangu ilikuwa ajali ya msumeno wa mbao. Kidole cha kati, mpaka kwenye kifundo. Nilikuwa mpiga gitaa la solo kanisani, wakanihamishia kwenye besi kwa huruma, halafu wakanihamishia kukusanya sadaka. Nikamsoma huyo jamaa mtandaoni, nikakata kizibo cha chupa ya dawa, nikafunga na plasta. Nyuzi za juu sizifikii vizuri, ila solo nimerudi. Aliyeniondoa siku hizi ananiita mwalimu. Uza kaseti mdogo wangu, hela ni hela.

Mzee wa Boda Tunduma:
Vijana mnababaika na Uingereza wakati muziki mzito ulikuwa hapo ng'ambo tu. Miaka ya sabini Zambia walikuwa na roki ya kwao, magitaa yananguruma mpaka redio ya mkulima inaomba radhi. Bendi ya WITCH, chini ya Jagari Chanda! Vijana wa Copperbelt, shaba ikiwa na bei. Shaba ikaanguka, ukimwi ukaja ukawafagia wengi, Jagari akaenda kuchimba vito. Wazungu wakaja kumtafuta akiwa mzee, bendi ikafufuliwa, 2023 wametoa albamu mpya. Nyie mna laivu zao za zamani? Hizo ndizo adimu. Sisi tulizisikia kwenye baa, hakuna aliyerekodi, kila mtu alikuwa ameshika chupa.

Kitonga Kona:
Mzee shikamoo, hiyo uifungulie uzi wake. Mimi narudi kwa mleta mada. Mtu anayeuza kwanza anauliza bei. Wewe hujauliza kama 600 inatosha, unauliza basi la kwanza linaondoka saa ngapi. Hela umeshakula?

Kamwene01:
Mambo ya malipo si ndiyo mada.

Kitonga Kona:
Umeshakula.

Kamwene01:
Sawa, katuma nusu. Alisema ni ya kuonyesha nia njema. Ilikuwa msimu wa kupanda, nikanunua mbolea ya DAP na mbegu, viazi viko ardhini sasa hivi. Sioni kosa liko wapi, biashara zote zina kianzio. Sasa anaandika kila siku anauliza namba ya mzigo. Ndiyo maana nina haraka, si kwamba nakimbia kitu.

Ndaga Fijo:
Hakuna aliyesema unakimbia kitu.

Mama Wawili Njombe:
Na huyo mama mdogo anajua kuna euro zimeingia?

Kamwene01:
Dada, boksi lilikuwa darini linanyeshewa. Alikuwa anataka kuwashia moto. Nimeliokoa mimi, deki nimetafuta mimi, mnunuzi nimetafuta mimi. Nitampa kitu.

Mama Wawili Njombe:
Kitu. Mjane anapewa kitu. Mimi alipofariki mume wangu shemeji zangu nao walikuja kuokoa. Waliokoa pikipiki, wakaokoa kitanda, wakaokoa mpaka mabati ambayo hayajaezekwa. Mpigie simu huyo mama leo.

Kimondo cha Mbozi:
Nimesoma kimyakimya kuanzia juu, nina swali dogo. Baba mdogo alifariki 1996, kaandika mwenyewe mleta mada. Kaseti ni ya tamasha la Desemba 1997. Marehemu alirithisha kitu ambacho hakijarekodiwa? Wakuu, hii ni chai, tena imewekwa tangawizi. Mafinga, Birmingham, Mjerumani, mtu anakohoa kwenye maiki. Anatafuta wanunuzi wa mafaili ya kupakua bure mtandaoni.

Ndaga Fijo:
Nimecheka mpaka nimemwaga uji. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta deki.

Fundi Kabwe:
Kimondo umeona mbali. Ila jambo la vijisikio na selotepu mtu halitungi hivihivi.

Mbao Sao Hill:
Nimesimulia kidole changu chote kwa ajili ya chai!

Kitonga Kona:
Kamwene uko mtandaoni, naona kitaa cha kijani. Jibu.

Kamwene01:
Siyo chai. Nilifupisha ili nisiwachoshe.

Kiwandani kwao kulikuwa na Mwingereza, fundi wa mitambo ya kukaushia chai. Baba mdogo ndiye alikuwa anamwendesha, wakawa marafiki. Kaka yake Mwingereza alikuwa Birmingham, kila akienda kwenye shoo anarekodi anamtumia mdogo wake. Zilikuwa zinapitia sanduku la posta la baba mdogo kwa sababu yeye hakuwa na lake. Zile za zamani, pamoja na Costa Mesa, alimwachia baba mdogo kabisa, mama mdogo ni shahidi. Mkataba wake ukaisha akaondoka. Bahasha ya mwisho, yenye hizo za 97, ilifika baadaye, mwenye sanduku kafariki, mwenyewe hayupo. Mama mdogo akaiweka na zile nyingine. Nimeifungua mimi mwaka huu.

Fundi Kabwe:
Kwa hiyo bahasha ina jina la Mwingereza.

Kamwene01:
Lipo.

Fundi Kabwe:
Na nyuma ina anwani ya kaka aliyetuma.

Kamwene01:
Ipo, lakini mkuu, karibu miaka thelathini! Watu wanahama, watu wanakufa. Na kama angezihitaji angeuliza. Mimi naona kitu kikikaa darini kwenu muda wote huo ni chenu.

Kitonga Kona:
Kumbe umemuuzia Mjerumani barua ya watu.

Mtumishi wa Uyole:
Nilisema kuhusu hela hiyo.

Mama Wawili Njombe:
Andika barua kwenye hiyo anwani. Stempu haishindi DAP.

Kamwene01:
Nikiandika akajibu anazitaka, nusu ya Mjerumani nairudisha na nini? Na viazi havijakomaa?

Fundi Kabwe:
Fanya hivi. Mwandikie Mjerumani kuwa za 97 zina mwenyewe, mpe za zamani kama mama mdogo ataridhia, bei mpatane upya. Hizo mbili njoo nazo Mbeya, nina deki nzuri, tunakili kabla hazijaenda kwa yeyote. Sikutozi. Na ya kwaya ilete, ile selotepu nataka kuiona kwa macho yangu.

Kamwene01:
Nitakuja na moja kwanza.

Kimondo cha Mbozi:
Mimi bado. Piga picha ya bahasha, funika jina, acha muhuri wa posta uonekane mwaka.

Kamwene01:
Naipandisha tangu asubuhi inagoma. Mtandao wa huku kukinyesha ndio hivyo.

Kimondo cha Mbozi:
Mvua nayo imeingia kwenye hadithi.

Mbao Sao Hill:
Nipo Sao Hill hapa, kunanyesha kweli.

Ndaga Fijo:
Mleta mada, hivyo viazi vinatoka mwezi gani, na gunia utauza kwa ngapi? Nina wateja Dar.