Naombeni ushauri: maboksi ya LEGO, niuze sasa au nishikilie?

Habari zenu wakuu. Niko Arusha, Njiro. Huku wageni wa mashirika wakimaliza mikataba huuza vitu vya ndani kwa bei ya kutupa, na mimi nimenunua maboksi ya LEGO (vile vipande vya plastiki vya kuchezea vya kuunganisha) ambayo hayajafunguliwa. Kubwa lao ni Millennium Falcon, kile chombo cha anga cha filamu za Star Wars, toleo la 2017, namba 75192, vipande 7,541. Marekani ilitoka kwa dola 799.99. Gundi ya kiwandani haijaguswa, ila kona moja ya boksi imebonyea.

Najua faida nono huja kampuni ikishaacha kutengeneza seti. Lakini Falcon ya zamani, ya 2007, ilikuwa dhahabu mpaka hii ya 2017 ilipotoka, bei ikaporomoka. Ndiyo maana kulaza mtaji naogopa. Na mama watoto anataka chumba chake, maboksi yamekijaza.

Mliowahi kuuza: kona iliyobonyea inakata bei sana? Wateja mnawapata Nairobi au mnatuma nje, na posta kwa mzigo mkubwa hivi haimezi faida yote? Halafu nina gunia la vipande vilivyochanganyika, nilivitoa soko la mitumba la Memorial, Moshi. Hivyo niuze kwa kilo, au nikae nichambue vile vidoli vya watu kwanza?