Mjadala: Kiranja wa kuandika majina ya wanaoongea Kiswahili shuleni aondolewe

MTOA HOJA (mwalimu, shule ya kata)
Wakuu, nafundisha Jiografia. Nikisema kiranja huyu aondolewe, najua mtadhani nawatetea wanafunzi. Nawatetea ndiyo, ila leo nataka tuwaangalie na walimu.

Kidato cha kwanza, mada ni mmomonyoko wa udongo. Nauliza swali kwa Kiingereza. Binti anasimama, anashika ukingo wa dawati, anakodolea macho dirishani. Jibu analo, maana jana yake alinieleza kwa Kiswahili jinsi korongo la nyuma ya kwao linavyokula njia. Wenzake wanasubiri achapie wacheke.

Sasa mgeukieni mwalimu. Naye akichapia, jina la utani linamfuata mpaka anahama kituo. Kwa hiyo anajificha kwenye nukuu: anajaza ubao, watoto wananakili, kengele inalia. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakitangaza kuja, usingizi hapati.

Hofu hii imeshapimwa. Mwaka 1986 Elaine Horwitz wa Marekani na wenzake wawili walitoa dodoso la vipengele 33 kuhusu wasiwasi wa lugha ya kigeni darasani. Mwaka 1996 akaandika kuwa hata walimu wa lugha isiyo yao wanaupata. Na hao angalau walisomea kufundisha lugha! Sisi wa Jiografia na Baiolojia tumebebeshwa tu.

MZAZI
Mwalimu, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Sera ya elimu ya 2014 ilisema Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, toleo la 2023 limebakiza Kiingereza sekondari. Mtihani wa kidato cha nne mwanangu ataufanya kwa lugha gani? Mimi nilichapwa sana kwa kuongea Kiswahili, na leo barua ya Kiingereza naandika mwenyewe. Mkilegeza nyie, wenye pesa watapeleka wao shule za mchepuo wa Kiingereza, wa kwetu ndio watakaobaki nyuma.

MWALIMU WA KIINGEREZA
Mzazi ana hoja kwenye mtihani, kwenye fimbo hana. Anayeogopa kuandikwa haongei Kiingereza, ananyamaza. Pita saa ya mapumziko kwenye shule yenye sheria hiyo: mwalimu akikaribia ni kimya, akigeuka tu Kiswahili kinaendelea. Hapo wamefundishwa kuvizia.

MTOA HOJA
Marahaba, mzazi. Sijasema Kiingereza kiondoke. Nasema dakika kumi za mwanzo wazungumze wawili wawili kwa Kiswahili, maneno ya Kiingereza wanayoyahitaji yaandikwe ubaoni, kisha jibu litoke kwa Kiingereza hata likiwa limepinda. Na mwalimu akikwama neno, aseme amekwama, watafute pamoja kwenye kamusi bila mtu kumpelekea mkuu wa shule taarifa.

Kuhusu wenye pesa umesema kweli, na jibu la hilo sina. Ila nikuulize: kati ya mwalimu anayechapia akifundisha na yule asiyechapia kwa sababu mwaka mzima ananakilisha tu, mwanao ungemkabidhi nani?