Mrejesho: eafoni za kuchomeka sikioni, nimechukua za waya

Wakuu nimerudi, niliuliza nichukue za waya au za Bluetooth kwa kusikiliza muziki wa kawaida tu, basi nimechukua za waya na nazipenda sana. Ila siku ya kwanza nilikata tamaa kabisa, besi hamna, sauti nyembamba kama inatoka kwenye kopo, kumbe shida ni vile viraba vya silikoni vya kwenye ncha ya eafoni, vinavyoingia sikioni! Vya saizi ya kati vilikuwa vidogo kwangu, havizibi sikio vizuri na besi yote inapotelea hapo. Nikaweka kikubwa kushoto, kulia nikaacha cha kati (masikio hayalingani jamani), muziki ukajaa. Aliyeniambia nijaribu saizi zote kwanza asante sana mkuu, na sasa hivi nasikiliza kwa sauti ya chini maana kelele za nje haziingii hovyo.