Kutoka Malindi hadi milima ya Taita kwa baiskeli: nijiandae vipi?

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mkazi wa Malindi niliyezoea barabara tambarare ya Mambrui, na mwezi wa Julai, panapo majaliwa, ninakusudia kuendesha baiskeli kwa siku nne katika barabara za vumbi za milima ya Taita. Je, nipitie lango la Sala moja kwa moja, na nibebe maji kiasi gani?

Jibu la kwanza
Waalaykum salaam, mdogo wangu. Njia ya Sala iondoe kabisa katika hesabu zako, kwa sababu inaingia Tsavo Mashariki, mbuga yenye simba na ndovu, ambako huwezi kupita kwa baiskeli. Panda basi hadi Mombasa, kisha Voi, na uanzie hapo. Ukishapita Mwatate mlima ni mkali mpaka Wundanyi, na kule Vuria, kilele chenye zaidi ya mita 2,200, usiku wa Julai una baridi ambayo sisi watu wa pwani hatukuizoea; koti zito si anasa.

Jibu la pili
Naongezea breki. Nilipokuwa nateremka kutoka Wundanyi, raba zangu za breki ziliisha hadi chuma kikawa kinakwaruza rimu, nikalazimika kuisukuma baiskeli kwa saa mbili. Beba jozi mbili za akiba, tyubu mbili na pampu. Maji yasipungue lita tatu unapotoka Voi, kwani nyanda za chini ni kavu.