Fundi wa meinfremu abaki Kisumu au ahamie Nairobi?

Wa Mamboleo, Kisumu

Wakuu, naomba tujadili hili. Dada mmoja wa mtaani kwetu, hodari wa COBOL na JCL (lugha za kuandikia programu na kupangia kazi kwenye meinfremu, zile kompyuta kubwa za mabenki na mashirika), amepata kazi kwa kampuni moja ya Nairobi kwa sharti kwamba ahamie huko na aripoti ofisini siku tano kwa wiki. Akauliza mashine yenyewe iko wapi. Akajibiwa kwamba iko kwenye jumba la data ambalo hata wafanyakazi wa ofisi hiyo hawaruhusiwi kuingia. Sasa anahama ili awe karibu na nini?

Mimi nasema woga wa waajiri wa kuachia watu wafanye kazi kutoka mbali hauhusiani na mashine. Meinfremu imezoea kuendeshwa kutoka mbali tangu zamani. IBM ilitangaza meinfremu yake ya System/360 mwaka 1964, na mwaka 1971 ikaleta vituo vya 3270, yaani skrini na kibodi za kuunganishwa nayo, watu wakawa wanafanya kazi wakiwa jengo jingine, hata mji mwingine, kupitia laini ya simu. Skrini yake ya kawaida ni mistari 24 ya herufi 80, yaani herufi 1,920 basi. Laptopu ya leo inaiga skrini hiyo hiyo. Video chache za simu zinakula bando kuliko kazi ya kutwa nzima, kwa hiyo anayesema intaneti ya Kisumu haitoshi atafute sababu nyingine.

Na usalama? Ndani ya meinfremu ruhusa hupitia RACF, programu ya ulinzi, au nyingine ya aina hiyo: nani asome faili lipi, nani alibadilishe, na anayejaribu kuvuka mpaka anabaki kwenye rekodi. Mkaguzi husoma rekodi hizo. Hana haja ya kujua umekalia kiti gani.

Wa Section 58, Nakuru

Ndugu yangu, umesema nusu. Mimi nasimamia watu wa mifumo, hebu sikia upande wangu.

Stima kwanza. Usiku wa Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikuwa gizani. Jumba la data lina jenereta, wewe huko Mamboleo una nini? Kazi ya bechi, yaani rundo la hesabu linalojiendesha lenyewe, ikikwama saa nane usiku na simu yako haipatikani, wateja wanaamka na salio la jana. Anayeitwa kujieleza ni mimi. Na hata IBM, wenye mashine, mwaka 2017 waliwaambia baadhi ya wafanyakazi wao wa Marekani waliozoea kufanyia kazi nyumbani warudi ofisini.

Lakini hoja yangu kubwa ni vijana. Programu hizi nyingi ziliandikwa na watu ambao sasa wamestaafu, na maelezo yake hayapo popote. Kazi ikianguka kwa kosa linaloitwa S0C7, kijana anafungua kitabu na kusoma kwamba mahali pa namba pameingia kitu kisicho namba. Sawa, lakini wapi? Mzee hafungui kitabu. Anajua ni faili la tawi gani lenye tabia hiyo, na nani wa kupigiwa simu. Elimu hiyo hupatikana ukiwa umekaa naye. Kwenye mkutano wa video kijana amezima kamera, sijui hata kama yupo.

Wa Kakamega

Mzee wa Section 58, shikamoo. Mimi namfanyia kazi mteja wa Marekani kutoka hapa Kakamega. Bechi zao hukimbia usiku. Saa nane usiku ya New York, kwangu ni saa tatu asubuhi, au saa nne majira yao ya baridi. Wao wamelala, mimi nimeshakunywa chai. Walichotaka ni mtu aliye macho, na huyo wamempata.

Stima nimeitatua kwa betri na laini za mitandao miwili, kwa pesa zangu mwenyewe. Hapo mabosi wa huku na wa ng'ambo ni ndugu wa tumbo moja. Kinachohitaji mwanasheria ni data za watu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina masharti zinapovuka mipaka ya nchi. Lakini Kisumu na Nairobi ni nchi moja, mzee.

Wa Mamboleo, Kisumu

Asante dada. Mzee, la vijana nakukubalia. Ila niulize: hiyo saa nane usiku unayoitaja, fundi wako wa Nairobi yuko ofisini? Yuko kitandani South B, anaamka, anafungua laptopu, anatengeneza. Basi nyumbani ni salama usiku, na mchana si salama?

Huyu dada wetu wa COBOL akae Nairobi miezi sita kando ya mzee, mwajiri alipe kodi ya nyumba, kisha arudi Kisumu.

Wa Section 58, Nakuru

Marahaba, binti wa Kakamega. Wa Mamboleo, la usiku umenibana. Usiku sina namna nyingine, ndiyo maana nakubali. Lakini miezi sita haitoshi. Kuna programu za kufunga hesabu zinazokimbia mara moja tu kwa mwaka, na ndizo zinazotuangusha. Akija Januari akaondoka Juni, hatakuwa ameziona. Sema mwaka mmoja, halafu tuzungumze hiyo kodi.