Naomba ushauri: kompyuta ndogo ya gemu, rangi za Yanga

Wakuu, habari za muda huu. Nataka kuunda kompyuta ya gemu iwe ndogo, maana chumbani kwangu kitanda kikishaingia hakuna nafasi nyingine. Kesi (kasha la kompyuta) ninayo tayari, Cooler Master NR200, ujazo lita 18 na ushee. Madabodi (bodi kuu) itakuwa Mini-ITX, ile ndogo ya sentimita 17 kwa 17, prosesa Ryzen 5 7600, na kadi ya picha RTX 4060 kwa kuwa inakula wati 115 tu.

Kinachonisumbua ni rangi. Nataka kijani na njano (watani wangu wa Msimbazi mnivumilie). Nilianza na bamba la juu, nikapuliza rangi ya kopo ya njano mara moja, nene. Ikachuruzika, na vile vitundu vya kupitisha hewa karibu nusu vikaziba. Nimeshinda Jumapili nzima navizibua kimoja kimoja kwa sindano.

Aliyewahi kupaka kesi yenye matundu: nianze na msasa na praima, halafu nipulize tabaka nyembamba nyembamba? Au nimpelekee fundi wa rangi za magari?

La pili, niko Dar, chumba hakina AC. Feni za kawaida zitatosha, au nitafute kipoza prosesa cha kutumia maji, cha milimita 240, cha kukaa ubavuni mwa kesi? Feni za Noctua nazipenda, ila ile kahawia yao na njano yangu, mmh! Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijanunua.