Wadau wa bustani, michenza yangu miwili Buhongwa inanichanganya: mmoja umegeuka njano, mwingine umeota miiba

Mama Neema (mleta mada), 14 Aprili

Mwangaluka wadau. Na mlio mbali, habari za kwenu.

Nipo Buhongwa, hapa Mwanza, upande wa mlimani kwenye mawe. Mwezi wa tisa mwaka jana nilinunua miche minne kwa muuzaji wa toroli barabarani: michenza miwili, mdimu mmoja na mlimao mmoja. Alinihakikishia yote ni ya kubebesha, na kwamba baada ya miaka miwili nitaanza kula.

Nawaambia kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Mama yangu amehamia kwangu tangu alipougua. Hamu ya chakula imepungua sana, ila chenza hulimaliza. Kwao Ukerewe walikuwa na mchenza nyuma ya nyumba, na kila akikaa barazani huniuliza huu wangu umefikia wapi.

Sasa hali ndiyo hii.

Mchenza wa kwanza uko karibu na ukuta wa jiko. Majani mapya yanatoka ya njano, ila mishipa yake inabaki kijani. Ncha za matawi zinakauka, na majani yanadondoka hata kabla ya kunyauka. Tulipochimba shimo lake tulifika futi moja na nusu hivi tukakutana na mwamba, tukapanda hapohapo. Huwa naumwagilia ndoo moja kila asubuhi, isipokuwa mvua ikinyesha, na kila Jumamosi naweka majivu ya jiko maana jirani alisema yanafukuza wadudu.

Wa pili uko kwenye uzio na unakimbia kweli. Nilipanda ukiwa chini ya goti, leo tawi moja limefika kifuani kwangu. Nilikuwa nafurahi mpaka juzi Neema aliponiuliza, "Mama, mbona mti mmoja una majani ya aina mbili?" Nikaangalia vizuri: tawi hilo refu limetokea chini kabisa, lina miiba mirefu kama kidole na majani mapana. Sehemu niliyonunua bado imedumaa pembeni yake.

Mdimu una majani yaliyojikunja yenye mistari ya kung'aa kama konokono kapita. Kwenye mlimao kuna viwavi vinavyofanana na kinyesi cha ndege.

Niweke dawa gani? Natanguliza shukrani.

Ngosha wa Kwimba

Dada pole. Wadudu hao. Chukua dawa ya pamba, hata mimi nimebakiwa na nusu chupa ya msimu uliopita, piga yote minne jioni. Kesho yake utaviokota viwavi chini.

Kijana wa Igoma

Mama, huo wa njano usiupotezee muda. Kuna ugonjwa wa bakteria unaogeuza majani ya michungwa kuwa njano, matunda yanabaki madogo na hayaivi upande mmoja. Hauna tiba. Ng'oa, choma, usije ukaambukiza hiyo mingine.

Mstaafu wa Ugani

Mama Neema, usichome kitu na usipige kitu kwanza. Nimefanya kazi ya ugani miaka mingi Kanda ya Ziwa, na nimeona watu waking'oa miti iliyokuwa na kiu au njaa tu.

Kijana wa Igoma hajakosea kuuogopa ugonjwa huo. Upo nchini, hauna dawa, na unasambazwa na mdudu mdogo anayefyonza majani machanga na kuacha vijipele juu ya jani. Lakini rangi yake ina namna yake. Chuma jani la njano, likunje katikati kwa kufuata mshipa mkuu. Mabaka ya ugonjwa hayalingani: upande huu njano iko juu, upande ule iko chini. Njano ya upungufu wa chakula hulingana pande zote mbili kama mabawa ya kipepeo. Ulivyoeleza, jani jipya la njano lenye mishipa ya kijani, hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Ingekuwa njaa ya naitrojeni, yangeanza majani ya zamani, tena jani zima.

Na mara nyingi chuma hakijaisha udongoni. Kipo, ila mzizi unashindwa kukichukua, ama kwa sababu umekaa kwenye maji na hauvuti hewa, ama kwa sababu udongo umekuwa na chokaa nyingi. Wewe unaongeza majivu kila wiki, na majivu hufanya kazi ileile ya chokaa. Acha leo. Halafu nijibu hili, maana saruji nayo huacha chokaa udongoni: hapo ukutani, mafundi walichanganyia zege wakati wa ujenzi?

Ngosha, hiyo dawa ya pamba ndugu yangu, hapana. Nakuomba kabisa. Mti uko karibu na jiko, kuna mtoto na kuna mgonjwa. Ile imekusudiwa pamba shambani, wala haikupimwa kwa tunda la kuliwa nyumbani. Tena itaua nyigu wadogo wanaokula huyo kiwavi wa kwenye majani ya mdimu, na mwezi ujao atarudi mara mbili.

Mkulima wa Nansio

Shikamoo Mstaafu. Mama Neema, mwadila. Umenigusa uliposema mchenza wa nyuma ya nyumba Ukerewe, maana mimi nimekulia chini ya michungwa huku Nansio na miche naizalisha mwenyewe.

Nianze na ule unaokufurahisha, kwa sababu ndio ulio hatarini zaidi. Mche wa kubebesha ni miti miwili. Chini ni mlimao, ule wa limau lenye ganda gumu la mikunjo, tunaupenda kwa mizizi yake inayovumilia kichanga na kiangazi. Juu tunabebesha kikonyo, yaani kijitawi, cha mchenza. Pita kidole kwenye shina kuanzia chini: kati ya sentimita 15 na 20 utakuta kifundo au shina limepinda kidogo. Hapo ndipo pa kubebeshea. Chochote kinachochipua chini ya hapo si mchenza. Ni mlimao, nao una nguvu kuliko mwenzake. Unavuta chakula chote, kikonyo kinadumaa, kisha kinakufa kimyakimya. Baada ya miaka utachuma malimau makali ukidhani muuzaji alikudanganya.

Miiba peke yake isikuhukumie, hata mchenza mchanga huwa na miiba. Fanya hivi: chuma jani kwenye tawi refu na jani kwenye ile sehemu iliyodumaa, fikicha kila moja kwa mkono wake, nusa. Pua haitakudanganya.

Ukithibitisha, kata tawi la mlimao pale linapoungana na shina, kwa kisu kikali kilichooshwa. Usiache kisiki maana kitachipua matano. Baada ya hapo pitia shina kila wiki, na chipukizi likiwa bado laini libandue kwa kidole gumba tu.

Wa ukutani: chimba pembeni yake shimo la futi moja, jaza maji, yakiisha jaza tena, halafu pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka chini ya sentimita 2, mizizi inazama. Nina hofu hapo mwamba umekuwa bakuli, na wewe unalijaza kila asubuhi.

Mama Neema, 16 Aprili

Nimerudi. Nimetetemeka kidogo kusoma, lakini asanteni.

Mstaafu, ndiyo. Zege lote la jiko lilichanganyiwa hapohapo, na mabaki yalifukiwa. Nimechimba kidogo tu nikakuta vipande vyeupe. Jani nimelikunja: njano inalingana pande zote.

Nimechimba shimo la kupima. Mara ya kwanza maji yalikaa tangu saa 3 asubuhi mpaka mchana. Nilipojaza mara ya pili hayakushuka hata upana wa kidole kwa saa nzima. Udongo wa chini unanuka kama matope ya mtaroni.

Na majani nilimpelekea mama barazani bila kumwambia lipi ni lipi. Alinusa la kwanza akasema, "Hili limau." La pili akalishika muda mrefu puani. Akasema, "Hili ndilo lenyewe." Jioni nimekata lile tawi refu. Imeniuma, lilikuwa limenifika kifuani.

Sasa wa ukutani nifanyeje? Mwamba siwezi kuuvunja.

Mkulima wa Nansio

Mwambie mama kule kwao bado tunapanda.

Mwamba uache. Uhamishe mti, na masika ndiyo wakati wake, udongo una unyevu na jua halichomi sana. Tafuta mahali mbali na ukuta, penye jua angalau saa 6 kwa siku. Kama nako kuna mwamba, usichimbe kwenda chini, panda juu. Zungushia mawe, Mwanza hatununui mawe, upate duara la upana wa mita 1.5 na kimo cha nusu mita. Chini sugua mwamba uone maji yanaelekea wapi, upande huo acha nafasi kati ya mawe yatokee. Jaza udongo wa juu sehemu 3, samadi iliyooza sehemu 1, mchanga sehemu 1. Wasukuma wanaupandisha udongo kuwa matuta ya viazi kwa sababu hiyohiyo, mizizi ipate hewa.

Mchanga nunua kwa wanaouza wa ujenzi, usiende kuchimba ufukweni. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hata bila sheria, ukingo ukiliwa ni sisi tutakaohama.

Kuuhamisha: mwagilia leo, kesho jioni chimba kwa kuuzunguka mbali kidogo, utoke na bonge lake. Mizizi myeusi inayoteleza ikate, ile ya rangi ya krimu iache. Kwa kuwa umepoteza mizizi, punguza na matawi, theluthi moja hivi. Pale pa kubebeshea pabaki juu ya udongo kabisa. Watu wengi wanakosea hapa, wanafukia wakidhani mti utashika vizuri. Ukipafukia, shina linaoza, utaona linatoa gundi, na huo huwa mwisho wake.

Weka matandazo ya nyasi kavu, ila yaache upana wa kiganja kutoka kwenye shina. Kivuli cha kanga kuukuu au makuti kwa wiki mbili. Mbolea usiweke sasa, mti uliojeruhiwa haulishwi. Ukishachipua vizuri, mwanzo wa vuli, weka mbolea ya CAN (ya naitrojeni) gramu 50 hivi, izunguke pembezoni mwa kivuli cha mti, siyo shinani.

Mstaafu wa Ugani

Nakubaliana na yote. Naongeza ya mdimu na mlimao, yasisahaulike.

Mistari inayong'aa ni kiwavi mdogo sana anayechimba njia ndani ya jani changa. Jani likikomaa hawezi tena. Majani yaliyojikunja usiyakate, bado yanautengenezea mti chakula. Ukiona yanazidi, chemsha majani ya mwarobaini, chuja, weka sabuni kidogo, nyunyizia jioni kwenye machipukizi mapya tu.

Wale wa kinyesi cha ndege ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Wakikua wanakuwa kijani, na ukiwagusa wanatoa pembe mbili nyekundu zenye harufu kali. Hawaumi. Ila mti mdogo wanaweza kuumaliza majani kwa siku chache, kwa hiyo kila asubuhi waokote kwa mkono. Neema ataifanya kazi hiyo vizuri, ameshaonyesha ana jicho.

Ngosha wa Kwimba

Nimeelewa Mstaafu, na mama Neema nisamehe. Nilishauri kwa nia njema. Ile chupa nimeiondoa jikoni, nimeifungia stoo.

Kijana wa Igoma

Nimeenda kukunja majani ya mchungwa wa nyumbani. Yanalingana. Tulikuwa tumepanga kuung'oa Jumapili.

Mama Neema, 22 Juni

Wadau, mrejesho kama nilivyoahidi.

Wa ukutani tuliuhamisha siku mbili baada ya ushauri. Nusu ya mizizi ilikuwa myeusi. Majani yote yaliyobaki yalidondoka, nikalia, nikadhani nimeua. Wiki ya tano yakatokea machipukizi matatu juu ya kifundo. Leo yana majani, na ni ya kijani, siyo njano. Mawe ya duara aliyapanga mdogo wangu, na mama alikaa na kiti chake akimwelekeza.

Wa uzio ndio umenishangaza. Ile sehemu iliyodumaa imeongezeka upana wa viganja viwili tangu nikate lile tawi. Machipukizi ya mlimao nimeyabandua mara nne. Juzi umetoa maua, saba.

Nilisoma kwamba maua ya mwaka wa kwanza yatolewe ili mti ukue kwanza. Ni kweli? Maana mama ameyaona.

Mkulima wa Nansio

Ni kweli mama Neema. Mti huo bado ni mtoto, na umetoka kunyang'anywa chakula miezi saba. Ukiuachia matunda utasimama kukua, pengine na tawi livunjike. Yatoe mwaka huu na mwaka ujao. Wa tatu acha machache.

Mama Neema

Ameyatoa mama mwenyewe. Moja moja, mpaka sita. Ameniomba hilo moja libaki, na nimeliacha.

Swali la mwisho: kiangazi hiki kimeanza, nimwagilieje sasa maana naogopa kurudia kosa?

Mkulima wa Nansio

Hilo moja liache, halitauua mti.

Ingiza kidole chini ya matandazo. Kikitoka kikavu mpaka kiungo cha pili, mwagilia, kikitoka na unyevu, subiri. Kwa kichanga chenu Julai na Agosti itakuwa kama mara mbili kwa wiki, ndoo ya lita 20, polepole, kwa kuzunguka pembezoni mwa duara. Huo wa kwenye mawe utakauka mapema kuliko wa uzio, kwa hiyo kila mti upime peke yake.